Kukarabati makumbusho ya shamba la mkonge: mwongozo kamili kwa aliyekabidhiwa chumba kinachovuja

Ukipita kwenye mashamba ya zamani ya mkonge mkoani Tanga, upande wa Muheza, Korogwe na Pangani, utakuta miji midogo ambayo kila kitu chake kilijengwa na kampuni. Kampuni ilijenga korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ikajenga kambi za wafanyakazi, zahanati, duka la posho, shule, kiwanja cha mpira, na bangalo la meneja juu ya kilima panapopita upepo. Kampuni ikaondoka, mji ukabaki. Na mara nyingi kimebaki chumba kimoja kinachoitwa makumbusho: picha za mameneja ukutani, kombe la mpira, mfano wa mashine ndani ya kioo kilichopasuka, na kabati la makaratasi ambalo hakuna anayejua ufunguo wake uko wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa chumba kama hicho na kuambiwa akifufue. Babu yangu alitoka Kigoma akaja Tanga kukata mkonge akiwa manamba, na mimi nimefanya kazi ya uhifadhi kwa miaka mingi sasa, hivyo naandika nikiwa na mguu mmoja kambini na mwingine stoo. Ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: hazina ya makumbusho ya kampuni imo ndani ya lile kabati la makaratasi na vichwani mwa wazee walio hai. Ukarabati ukianza na rangi na vioo, vyote viwili hupotea kabla hujavifikia. Ndiyo maana hapa rangi inakuja mwishoni kabisa.

Hatua ya kwanza: jua nyumba ni ya nani, na vitu ni vya nani

Haya ni maswali mawili. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Miaka ya 1990 mengi yakabinafsishwa. Kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa limepita mikononi mwa kampuni ya kigeni, shirika la umma, mwekezaji, na pengine kijiji. Vitu vilivyomo navyo vina historia yao: daftari la mishahara la mwaka 1972 la shamba lililotaifishwa ni kumbukumbu ya shirika la umma, ilhali panga lililoletwa na mjane wa mkataji ni mali ya familia yake mpaka atakapokubali kwa maandishi kulitoa.

Andika barua kwa kila anayehusika: mmiliki wa sasa wa shamba, serikali ya kijiji, halmashauri. Nakala ipeleke Idara ya Mambo ya Kale, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweza kugusa baadhi ya majengo na vitu. Kwa makaratasi yaliyotokana na mashirika ya umma, ongea na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya kuyahamisha. Kwa vitu vya familia tengeneza fomu fupi ya makabidhiano, ukurasa mmoja, yenye picha ya kitu, jina la anayetoa, na tiki kwenye mojawapo ya visanduku viwili: ametoa moja kwa moja, au ameazimisha. Fomu hiyo itakuokoa siku mjukuu atakapokuja kudai panga la babu yake.

Hatua ya pili: usihamishe kitu chochote

Hapa ndipo nawaomba watu wapunguze mwendo. Katika mradi mmoja niliowahi kuitwa kusaidia, mkandarasi alikuwa ameambiwa asafishe chumba ili fundi rangi aanze Jumatatu. Alisafisha kweli. Tulipofika tulikuta nyuma ya jengo shimo lenye majivu, na pembeni yake vipande vya jalada jekundu la daftari, vimeungua nusu. Kwenye kipande kimoja ilisomeka safu ya namba, na mbele ya kila namba alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Hizo namba zilikuwa watu. Neno lenyewe manamba limetokana na namba, kwa sababu kibarua aliyeandikishwa kutoka mbali alipewa namba, na karani aliitumia hiyo kuliko jina lake. Daftari kama lile likiungua, kuna familia ambayo haitajua tena babu yao alifika lini.

Kwa hiyo, siku ya kwanza, funga mlango na anza na kamera. Simu nzuri inatosha. Piga picha kila ukuta, kila rafu, kila droo ikiwa wazi, kama vilivyo, pamoja na vumbi. Mahali kitu kilipokutwa ni habari: kipande, yaani kadi ya kazi ya mkataji, kilichokutwa ndani ya bahasha ya malipo kinakueleza zaidi ya kilichookotwa sakafuni.

Kisha fungua rejista. Daftari gumu la karatasi kwanza, kompyuta baadaye, kwa sababu umeme wa shamba unakatika na daftari halizimiki. Kila kitu kipe namba ya sehemu tatu: mwaka wa kuandikishwa, namba ya kundi, namba ya kitu. Mfano 2025.3.14 ni kitu cha kumi na nne katika kundi la tatu la mwaka huo. Mbele ya namba andika kitu ni nini kwa jina linalotumika hapo kambini, kimetengenezwa kwa nini, vipimo, hali yake, kilipokutwa, kilipo sasa, na nani amekieleza. Usiache safu ya jina la kambini. Nimeona rejista ikiandika "chombo cha chuma cha kazi isiyojulikana" wakati mzee aliyekuwa amekaa nje ya mlango angekitaja jina na kukuonyesha kilivyoshikwa.

Kuandika namba juu ya kitu kuna adabu zake. Kwenye karatasi tumia penseli laini, nyuma, pembeni. Kwenye chuma na mbao tumia vanishi ya wahifadhi iitwayo Paraloid B-72: tabaka moja, liache likauke, andika kwa wino, kisha tabaka jingine juu. Ikikosekana, funga kitambulisho cha kadi kwa utepe wa pamba. Rangi ya kucha inabanduka, na selotepu huacha gundi ya kahawia isiyotoka, kwa hiyo viache vyote viwili.

Hatua ya tatu: paa, maji, mchwa

Majengo mengi ya mashamba ya zamani yana kuta za mawe au tofali zilizoungwa kwa chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua: maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka nje taratibu kupitia plasta. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote ni kupiga saruji juu ya ukuta huo. Saruji inaziba, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inachanua ndani, na baada ya masika mbili plasta mpya inadondoka ikiwa imebeba uso wa jiwe. Kwaruza kwa msumari mahali palipofichika. Ikitoka unga mweupe laini, ni chokaa, na utatengeneza kwa chokaa: fungu moja la chokaa iliyozimwa vizuri kwa mafungu matatu ya mchanga safi usio na chumvi. Pwani yetu haijakosa mafundi wa chokaa. Walioko Pangani na Unguja wanaijua kazi hii kwa mkono, na fundi mmoja wa aina hiyo akikaa wiki mbili na vijana wako, umepata mafundi wa kudumu.

Anzia juu. Panda paani siku ya mvua, au angalau ukae darini na tochi mvua ikinyesha, utie alama ya chaki kila panapovuja. Badilisha bati lililooza, rudisha misumari yenye mipira, safisha gata, hakikisha maji yanashuka na kwenda mbali na msingi. Chimba mtaro kuzunguka jengo kama haupo. Mara nyingi unyevu wa ukutani hupungua kwa mtaro tu, bila kugusa ukuta.

Kama paa ni la asbesto, simama. Paa zima lisilovunjika lina hatari ndogo likiachwa lilivyo. Hatari kubwa inaanza pale kijana anapolitoboa, kulikata kwa msumeno au kufagia vipande vikavu. Usiguse mwenyewe. Wasiliana na NEMC, wasimamizi wa mazingira, na OSHA, wasimamizi wa usalama kazini, wakuelekeze kwa mkandarasi mwenye kibali, na kazi ifanyike kwa kulowesha, kushusha karatasi nzimanzima na kufunga kwenye nailoni nene. Gharama yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu inaweza kumeza theluthi ya fedha ukiwa hujajiandaa.

Mchwa utawajua kwa vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Fuata kijia hadi kinapotoka, ondoa mbao na maboksi yote yanayogusa ardhi, weka rafu za chuma zenye nafasi ya kiganja kutoka ukutani na kutoka sakafuni, ndipo umwite mtu wa dawa. Dawa ipigwe kwenye udongo wa nje, siyo ndani karibu na makaratasi. Popo nao wana msimu wa kuzaa, hivyo subiri watoto waweze kuruka, halafu ziba matundu jioni wote wakiwa nje. Kinyesi chao kilowanishwe kwanza, kisha kizolewe ukiwa umevaa barakoa nzuri.

Hatua ya nne: kabati la makaratasi

Sasa unaweza kulifungua. Mwite fundi kufuli, usivunje.

Utakachokuta mara nyingi ni hiki: madaftari ya mishahara, barua, ramani za vitalu, picha, rekodi za zahanati, na ukibahatika, vipande. Kipande ni kadi ngumu inayoingia kiganjani, imegawanywa miraba 30. Mkataji akimaliza kazi aliyopangiwa kwa siku, karani alitia alama kwenye mraba mmoja. Ukiumwa, au kazi ikikataliwa na nyapara, mraba ulibaki mtupu, na mshahara ulisubiri miraba 30 ijae. Nimeshika kimoja chenye miraba kumi na saba iliyojazwa kwa wino wa bluu, mmoja uliofutwa kwa kuparuzwa hadi karatasi ikatoboka, halafu kimya. Upande wa nyuma mtu alikuwa amepiga hesabu kwa penseli: unga, chumvi, sabuni, sigara. Ukitaka kumweleza mtoto wa leo mfumo mzima wa kazi za mkonge, mpe hicho kipande na dakika tano.

Jinsi ya kuyashughulikia:

Makaratasi yaliyolowa yana saa 48 tu kabla ya ukungu kuanza. Tandaza kwenye chumba chenye feni na kivuli, weka karatasi nyeupe za kunyonya katikati ya kurasa, badilisha kila zikilowa. Usianike juani, wino utapauka na karatasi itajikunja.

Makavu yenye vumbi yasafishwe kwa brashi laini pana, kutoka katikati kwenda nje, huku ukivaa barakoa. Ondoa pini na klipu zilizoshika kutu kwa kuzilegeza taratibu, maana ukizivuta zinatoka na karatasi.

Yenye wadudu yafungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe, yawekwe kwenye friza ya kawaida kwa wiki mbili mfululizo. Yakitoka yaache ndani ya mfuko siku nzima, mpaka yarudie joto la chumba, ndipo ufungue. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa utatua juu ya karatasi baridi. Picha zilizochapwa juu ya kioo usizitie kwenye friza.

Negativu zinazonuka siki zimeanza kuoza na zinaambukiza jirani zake. Zitenge leo, zichukulie nakala za kidijitali kabla ya kitu kingine chochote.

Picha za daftari zichukuliwe kwa kamera iliyofungwa juu ya meza, mwanga kutoka pande mbili, ukurasa baada ya ukurasa. Hifadhi sehemu tatu: kompyuta ya makumbusho, diski iliyo jengo jingine, na moja mbali kabisa, mtandaoni au kwenye taasisi rafiki mjini.

Rekodi za zahanati ziwe na kabati lao lenye kufuli. Zina magonjwa ya watu ambao watoto wao bado wanaishi hapo hapo kambini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, jirani hapaswi kusoma ukutani ugonjwa wa mama wa jirani yake. Unachoweza kuonyesha ni jumla: kazi ya ukataji na miiba ya ncha ya jani, utomvu unaowasha ngozi, vumbi la chumba cha brashi, nyuzi zilikosuguliwa, na vifua vya waliofanya kazi humo.

Hatua ya tano: korona, troli na vyuma vingine

Korona ndiyo moyo wa shamba na ndiyo kitu ambacho wageni huja kukiona. Nyingi za mwanzo zilitengenezwa na Krupp huko Magdeburg, Ujerumani. Majani yalipangwa, yakashikwa kwa kamba nene zinazokwenda, yakapita kwenye ngoma zenye visu butu vilivyoponda nyama ya jani huku maji mengi yakisukuma taka. Katika uzito wa jani, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki chote ni maji na makapi. Mtu akiuelewa uwiano huo, ataelewa kwa nini mkonge ulihitaji watu wengi namna ile.

Utomvu wa mkonge una tindikali. Ukikauka kwenye maungio ya mashine unaendelea kula chuma miaka hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukwangua makapi yaliyoganda kwa kijiti cha mti au plastiki, siyo kwa bisibisi. Kutu iliyolegea itoke kwa brashi ya nyuzi laini. Kutu ngumu iliyoshikana iache, ilainishe kwa mafuta mepesi, pangusa, kisha paka nta ya kuhifadhia chuma. Rudia kila mwaka baada ya masika.

Nakusihi usiipake rangi mpya. Najua kishawishi kilivyo: rangi ya kijani inayong'aa inampendeza mgeni rasmi. Lakini rangi ya zamani ina tabaka za kila mwenye shamba, na mahali ilipokwanguka ndipo palipokuwa na mkono wa mlishaji, mtu aliyeingiza majani kwenye mashine. Katika korona moja, kwenye fremu karibu na mdomo wa kulishia, chuma kilikuwa kimelika kwa urefu wa kiganja, laini kama mpini wa jembe la zamani. Hapo ndipo mlishaji alipoegemeza kifundo cha mkono kila alipoinama, zamu kwa zamu. Koti moja la rangi lingefuta alama hiyo isirudi.

Mashine isiendeshwe kwa maonyesho. Ngoma zake ziliwahi kukata mikono ya watu waliozijua. Funga kabisa mfumo wa mkanda, weka uzio wa kiunoni, na onyesha mwendo wake kwa video au mfano mdogo wa kuzungushwa kwa mkono, ambao watoto wataupenda zaidi hata hivyo.

Reli nyembamba na troli zilizobeba majani kutoka vitaluni zikusanywe mapema, maana wanunuzi wa chuma chakavu hawalali. Hata mita ishirini za reli zilizolazwa nje ya jengo, na troli moja juu yake, zinatosha kuonyesha njia.

Hatua ya sita: wazee

Ifanye sambamba na zote zilizotangulia, tangu wiki ya kwanza. Paa linaweza kungoja mwezi. Mzee wa miaka tisini hangoji.

Tafuta zaidi ya wakataji. Tafuta karani aliyejaza vipande, nyapara, dereva wa treni ya shamba, mpishi wa bangalo, dresa wa zahanati, mwenye duka. Tafuta akina mama walioanika nyuzi kwenye waya juani na kuzigeuza, kwa sababu wao hawamo kabisa kwenye picha za ukutani. Tafuta pia watoto wa waliotoka mbali: Waha, Wangoni, Wabena, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji. Wengi waliletwa kupitia shirika la waajiri la kuandikisha vibarua, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, na habari za safari ile ya malori na treni bado zinasimuliwa majumbani.

Nenda na mtu anayefahamika kwenye nyumba hiyo. Amkia, kaa, pokea maji, ulizia hali za watoto. Siku ya kwanza usitoe kinasa sauti. Siku ya pili eleza unachotaka, sauti itahifadhiwa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kukataa sehemu yoyote. Kukubali kwake kurekodiwe kwa sauti yake mwenyewe kama hawezi kuandika. Kisha uliza kuhusu vitu, siyo kuhusu "historia". Ukimwuliza bibi historia ya shamba, atakwambia hajasoma. Mpe kipande mkononi, au pasi ya mkaa, au kibaba cha kupimia posho, halafu nyamaza. Mimi mwenyewe nilikaa robo saa na mzee asiyesema neno, akikigeuzageuza kipande mpaka alipokishika kwa vidole viwili pembeni. Ndivyo, akanieleza, walivyokishika wakati mikono ina utomvu, wino usije ukachafuka na siku ikapotea.

Akichanganya Kiswahili na Kiha au Kibena, mwache. Tafsiri itafanywa baadaye. Jina la mzungumzaji litumike kama alivyotaka liandikwe, na nakala ya sauti irudi nyumbani kwake kwenye flashi au kadi ya simu. Familia nyingi huisikiliza msibani.

Hatua ya saba: kupanga simulizi

Ukifika hapa una vitu, makaratasi na sauti, na unajua unachozungumzia. Panga chumba kwa mwendo wa jani: kitalu, kukata, troli, korona, kuanika, brashi, robota. Robota la kilo 250 lililofungwa, lenye alama ya daraja kama 3L au UG, liwe karibu na mlango wa kutokea. Kila kituo kiwe na mtu wake: sauti moja, picha moja, chombo kimoja. Mgeni asiyejua kusoma naye atalifuata jani hadi mwisho.

Historia ya kampuni isemwe, na isemwe kwa haki. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka humo Tanganyika ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge duniani, hadi karibu tani 230,000 mwaka 1964. Ni jambo la kujivunia, na mafundi, wataalamu na mameneja wana sehemu yao. Utafiti wa kituo cha kilimo cha Mlingano uliozaa mkonge chotara namba 11648, unaotoa majani mengi zaidi kabla ya mlingoti wa maua, unastahili kituo chake. Panda mstari mmoja wa mkonge wa kwanza na mmoja wa chotara nje ya mlango, watu wahesabu majani wenyewe.

Lakini usiruke yaliyouma. Wajerumani walikuwa na adhabu ya viboko iliyoingia kwenye lugha yetu kwa jina la hamsa wa ishirini, yaani ishirini na tano. Kambi ziligawanywa, na ramani ya shamba inaonyesha bila maneno nani aliishi karibu na maji na nani karibu na moshi. Weka ramani hiyo ukutani kwa ukubwa wa meza. Ikiwa mmiliki wa sasa au mfadhili anataka sehemu hiyo iondolewe, mketishe na wazee kwanza. Ukikubali kuiondoa, ulichobakiwa nacho ni tangazo la kampuni, na wenyeji watalijua kwa kuliona tu.

Maelezo ya ukutani yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, herufi kubwa, maneno kama 50 hadi 70 kila kibao, Kiingereza chini kwa herufi ndogo zaidi. Linganisha. Kibao cha kwanza: "Korona. Ilitengenezwa Ujerumani. Usiguse." Cha pili: "Majani yaliingia hapa, nyuzi zikatokea pale. Mlishaji alisimama upande huu zamu nzima, maji yakimrukia miguuni. Tazama chuma kilicholika chini ya mkono wako wa kulia: hapo ndipo alipoegemea." Soma kila kibao kwa sauti mbele ya mtu aliyefanya kazi hiyo. Akikunja uso, kiandike upya.

Hatua ya nane: mwanga, makabati, na rangi

Karatasi, picha na nguo zisipate mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ambao kwa macho ya Tanga ni chumba cha kivuli. Kwa hiyo maonyesho yatumie nakala nzuri, na kipande halisi kikae stoo. Madirisha yapate mapazia ya kitambaa kizito au vibao vya mbao vya kufunga mchana. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni kinaharibu kuliko kutokuwepo, kwa sababu unyevu unapanda na kushuka kila siku. Hewa inayopita, dari refu na kivuli cha miti vinatosha kwa mengi. Nunua vipima unyevu viwili vya bei nafuu, andika masomo asubuhi na jioni kwa mwaka mzima.

Makabati yatengenezwe na fundi seremala wa hapo, kwa mbao kavu, ndani yawekwe kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato. Ubao wa vumbi la mbao na gundi hutoa hewa kali inayotafuna shaba na karatasi, usiutumie.

Halafu rangi. Chokaa nyeupe kwa kuta za chokaa, ndani na nje. Inapumua, ni rahisi, na vijana wa kambi wanajua kuipaka.

Hatua ya tisa: fedha na watu

Gawanya kazi katika awamu zinazoweza kusimama peke yake. Awamu ya paa na mtaro ikiisha na fedha zikakauka, makaratasi yako salama. Awamu ya vioo ikitangulia na fedha zikakauka, una vioo vyenye ukungu. Wafadhili hupenda kuona mlango mpya, kwa hiyo wapigie picha za kila hatua za kabla na baada, hata za mtaro, uwape kitu cha kuonyesha.

Ajiri kutoka kambini. Watu wawili wanatosha kuanza: mmoja wa rejista na stoo, mmoja wa wageni. Kiingilio kiwe kidogo, na watoto wa shule za jirani waingie bure siku moja ya wiki iliyopangwa. Mgeni rasmi aalikwe mwisho, wazee wakae mbele yake na siyo nyuma ya hema.

Baada ya ufunguzi, kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua: kagua dari, kagua mitego ya gundi ya wadudu kwenye kona nne, soma vipima unyevu, pangusa korona, hesabu vitu vya kabati la kwanza kwa rejista. Jumatatu inayofuata, kabati la pili. Na kwenye meza ya mlangoni acha droo moja tupu, daftari, penseli na fomu za makabidhiano. Katika chumba kimoja ninachokifahamu, droo hiyo ilipokea vipande vitatu mwezi wa kwanza, vyote vikiwa vimefungwa kwenye vitambaa, kimoja kikiwa na harufu ya sanduku la bibi. Viandikishe siku hiyo hiyo, mleta akiwa bado amekaa.